Kabla ya Kumfukuza Gamaliel

Mheshimiwa mwakilishi wa Administrateur wa territoire yetu ya Lubero. Padri wetu na Mchungaji wetu, ambao leo mumekubali kuketi benchi moja. Wajumbe wa Uganda na wa Burundi, muliovuka mpaka wa Kasindi na kupanda barabara yote ya Beni mpaka huku kwenye baridi. Komite ya tawi letu la Kongo. Ndugu wageni waalikwa kutoka Butembo. Na ninyi, mama na baba wa Musienene, ambao protokole imewaweka nyuma ijapokuwa mawe ya ghala hili muliyabeba ninyi: nawasalimu wote kila mutu kwa cheo chake. Wasingya, asanteni kwa kuja.

Programu muliyopewa ina mambo matatu. Mimi, Adèle Kanyere, nimkabidhi ndugu Mathe muhuri wa tawi baada ya miaka kumi na moja ya uprésident. Halafu kitambaa kile cha bluu kitolewe juu ya mlango, muone jina la ghala la mbegu, ambalo komite imeamua liwe jina langu. Na mwisho nisaini barua iliyo mezani hapa. Naomba ruhusa nigeuze utaratibu, niseme kwanza. Hotuba niliyompa Mathe asome wiki iliyopita ilikuwa nzuri, aliipenda sana. Hii si ile. Mathe, ndugu yangu, usiangalie saa, na usinifanyie alama na mukono, nimekuona.

Kwa wageni wasiotujua, nieleze kidogo. Sisi ni Muungano wa Wakulima wa Mbegu za Viazi vya Milimani. Tulikuwa nchi nne. Hakuna rais aliyetuunda, hakuna waziri aliyekata utepe. Watu wa milima walikutana, wakaona kwamba kiazi cha mbegu kinavuka mipaka bila pasipoti, na ugonjwa wake unavuka ndani yake. Donc tukapatana kitu kimoja: nchi yoyote ikiona ugonjwa katika mbegu, iwajulishe wengine siku ileile. Hiyo tunaita alerte. Mukiondoa chai, sanduku la nauli na picha za pamoja, kazi yetu yote ni alerte.

Nimesema tulikuwa nchi nne. Leo viti vya wageni ni vya nchi mbili, na sisi wenyeji watatu. Wa nne munajua yuko wapi. Nani kati yenu hajasikia redioni magomvi ya nchi yetu na jirani yetu? Sisi tuliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki, na humo tunamkuta yeye. Yeye ametoka Jumuiya ya Afrika ya Kati, akisema alinyimwa kiti cha uenyekiti juu yetu. Huku tunaomba asimamishwe, kule analalamika ameonewa, na kila mukutano mukubwa lazima mutu mmoja atoke mulangoni na hasira. Mimi siwalaumu wakubwa wetu kwa kudai haki. Damu iliyomwagika ni ya watu wetu. Watu wa kusini mwa Lubero wanaolala madarasani hapa kwetu hawakukimbia ndoto. Naomba jambo hilo lieleweke kabla sijaendelea, kwa sababu nitakayosema sasa yatawafanya wengine waulize Adèle amenunuliwa na nani.

Wiki moja kabla ya mukutano wetu wa Kabale, kule Uganda, dada yangu alifika nyumbani kwangu kutoka kusini na watoto wanne na sufuria moja. Sufuria ilikuwa ingali na maharagwe ya kuiva nusu. Nilipanda gari ya Kasindi na picha ya ile sufuria kichwani mwangu. Nilipoingia katika salle ya mukutano nikamkuta Gamaliel, mjumbe wa jirani, ameketi mahali pake pa kila mwaka. Mutu mrefu, kimya, kaunda suti yenye vumbi la shamba. Miaka tisa tulikuwa tukibadilishana mbegu na kuulizana habari za watoto. Alisimama kunisalimu. Mimi nikapita.

Nikaomba neno. Nikasema nchi yake isimamishwe katika Muungano. Na kwa kuwa mimi ni mwalimu wa zamani, ninayependa kitu kiandikwe vizuri, niliandika mwenyewe sharti la mwisho: taarifa yoyote kutoka kwa mwanachama aliyesimamishwa isipokelewe wala isisambazwe. Uganda walisita, waliomba tufikirie usiku mmoja. Sikukubali. Tukapiga kura, ikapita. Gamaliel alikusanya karatasi zake, akaacha kitambulisho chake mezani kimekunjwa kamba vizuri, akatoka.

Munakumbuka mulivyonipokea? Pikipiki zilinifuata kutoka Beni mpaka Butembo na matawi ya miti, honi tupu. Mama mmoja alitandika kitenge chake chini nikanyage. Nilikanyaga. Nilijisikia nimeshinda vita, mimi mwenye miaka hamsini na nane, ambaye sijawahi hata kuchinja kuku bila kufumba macho.

Sasa fikeni pamoja nami kwenye siku ya soko, mwanzo wa Septemba, msimu uliofuata. Magunia yetu ya mbegu yalikuwa yamefika siku mbili kabla kupitia Kasindi, yale yaliyoshonwa na uzi mwekundu. Tulinunua kwa mfanyabiashara wa ng'ambo; nusu ya mzigo ilikuja kwetu, nusu nyingine ilikuwa imetangulia kwa jirani, wakaipanda miezi miwili kabla. Nilikuwa hapa chini, sokoni, nachagua maharagwe. Simu ikalia. Ujumbe wa Gamaliel.

Niliusoma nimesimama. Nikausoma tena. Nitawasomea ninyi pia, mungoje kidogo.

Mutaniuliza, Président, ulifanya nini? Nilifikiri mambo mawili, na yote mawili nilifikiri haraka. La kwanza, sharti linasema isipokelewe, na sharti nililiandika mimi. La pili, huyu mutu anatutega. Anataka tuogope, tusipande, tukose msimu, tulale njaa na wakimbizi wetu. Nikairudisha simu mfukoni. Na pale pale, kabla sijalipa maharagwe, mama Vagheni akanishika mukono. Mama Vagheni munamujua: ndiye mwenye shamba kubwa kuliko yote ya chama chetu pale kwenye mteremuko, na ndiye aliyezoea kupanda wa kwanza, wengine wakimwangalia.

Akaniuliza, "Président, ile mbegu ya uzi mwekundu iko muzuri? Tupande?"

Nikamujibu, "Iko muzuri, mama. Panda tu."

Alipanda. Na walipoona amepanda, wengine thelathini na nane wakapanda.

Sina haja ya kuwaeleza watu wa Musienene kilichofuata. Mais kwa wageni niseme. Mnyauko haupigi hodi. Shamba linapendeza wiki sita, halafu siku moja saa sita mchana majani yanalala kama yamemwagiwa maji ya moto, jioni yanainuka kidogo ukafikiri ni jua tu, kesho yanalala tena, na siku ya tatu hayainuki. Kambere, agronome wetu, alikuja na glasi ya maji. Alikata shina, akalisimamisha ndani, sote tukainama kuangalia. Uzi mweupe ukashuka polepole katika maji, kama maziwa. Kambere alikata shina la pili, na la tatu, katika shamba la pili, na la tatu. Kila glasi ilikuwa na ule uzi wa ugonjwa. Na ugonjwa huo ukiingia katika udongo, viazi havirudi hapo miaka mingi. Mama Vagheni leo analima mtama mahali pa viazi, na mtama wa huku kwenye baridi munajua unazaa nini.

Jioni ile katika bureau Kambere aliniuliza mbele ya komite, "Mama Président, hakuna alerte yoyote ilifika kwako?"

Nikasema, "Hapana. Hakuna kitu."

Ndiyo, Kambere, ilifika. Nisamehe, katika procès-verbal, kumbukumbu za kikao, uliandika yale niliyokuambia. Mume wangu ameketi pale na koti lake jeusi, naye anasikia leo kwa mara ya kwanza.

Halafu maneno yakaanza. Nani aliyaanzisha sijui, lakini niliyasikia yakizaliwa, sokoni, mulangoni pa kanisa, kwenye stesheni ya pikipiki. Kwamba ni yeye, jirani, aliyetia sumu katika mbegu. Mama Vagheni mwenyewe alikuja kwangu, macho mekundu, akasema, "Kule banatuua na masasi ya bunduki, huku banatuua na viazi." Nilikuwa na simu mfukoni, ujumbe ungali ndani. Nilimpa pole. Nilimwambia Mungu anaona. Nawaambia ukweli, tangu siku ile sijaweza kusali Baba Yetu mpaka mwisho bila kusimama katikati.

Na kutoka maneno hayo ndiyo ikazaliwa barua hii mezani. Muungano umetuandikia: Kongo ndiyo iliyoomba jirani asimamishwe, donc Kongo ndiyo iseme kabla ya mwisho wa mwezi kama arudi au afukuzwe kabisa. Komite ikaandaa barua ya kumfukuza kabisa. Sababu iliyoandikwa, nasoma: "kwa kuleta ugonjwa katika mashamba yetu kwa makusudi." Nayo ingekuwa zawadi yangu ya kuagana, nisaini, mupige makofi, Mathe aanze kazi na mikono safi.

Mathe, mikono yako isingekuwa safi. Ungepokea uongo uliopigwa muhuri, nao ungekaa katika faili la nchi yetu, na watoto wetu wangeusoma kama habari ya kweli.

Mheshimiwa, najua unaandika. Andika. Mimi sina ugomvi na serikali inapodai jirani asimamishwe pale ambapo serikali zinaketi. Huko kuna watu wenye elimu hiyo. Lakini ninyi mulioketi nyuma, niwaulize: siku ile Kabale, nilimwadhibu nani? Wale waliomfukuza dada yangu walisikia habari ya kura yetu? Walikosa chakula hata siku moja? Nilifunga mulango ambao alerte ilikuwa inapitia, basi. Na wa kwanza kugonga huo mulango alikuwa yeye niliyemfukuza, akigonga kwa ajili yenu.

Sasa nausoma. Sijaufuta, uko hapa na tarehe yake, Kambere anaweza kuuangalia.

"Mama Adèle, amani kwako. Mbegu ya magunia ya uzi mwekundu, musiipande. Nimekata mashina ya kwetu, nimeona uzi mweupe katika maji. Sisi tunachoma zote kesho. Najua mimi si mwanachama tena na hamuruhusiwi kupokea neno langu. Nakuomba uwaambie watu hata kama hutasema ni mimi. Msalimie mama Vagheni, mwambie ile mbegu yake nyeupe ya mwaka ule bado ninayo, ni nzima. Gamaliel."

Ndiyo hivyo. Hakuna neno moja la lawama humo, nimelitafuta mara nyingi.

Mama Vagheni, usisimame bado, nakuomba, namalizia.

Ndugu Mathe, muhuri ni huu, upokee. Wino umekauka kidogo, utatia mwingine. Barua naiacha mezani bila sahihi yangu. Badala yake nimeandika nyingine, fupi, kwa Muungano: kwamba alerte ilikuja, kwamba niliificha mimi Adèle Kanyere na si tawi la Kongo, na kwamba sharti la kutopokea taarifa nililiandika kwa hasira na naomba lifutwe hata kama jirani harudi. Hiyo nimeisaini. Kama Gamaliel arudi kitini au asirudi, hiyo ni kura yenu, si yangu; mimi nimepiga zangu za kutosha. Mutakapoipiga, mupige mukijua.

Kile kitambaa cha bluu, naomba musikifunue. Fundi aliyechora jina langu alifanya kazi nzuri, simlaumu, lakini ghala la mbegu haliwezi kuitwa kwa jina la mutu aliyesema "panda tu". Chaguweni jina lingine, au likae bila jina. Mbegu hazisomi.

Nawashukuru wajumbe wa Uganda, muliotaka tufikirie usiku mmoja, nami sikuwasikia. Nawashukuru wanakomite kwa miaka kumi na moja. Nawashukuru wenye mashamba thelathini na tisa, ambao hata leo mulinipikia chakula kabla hamjajua. Kama hamutaki tule pamoja, nitaelewa, nitarudi nyumbani na mume wangu kwa mguu.

Asanteni kwa kunivumilia mpaka hapa. Mimi nimesema miaka kumi na moja, na leo zamu yangu ni ya kusikiliza. Mama Vagheni, njoo mbele. Mumupishe, tafadhali. Kipaza sauti ni hiki.