Ildefonsi Saburi, Mkalimani Mzaliwa wa Likunja

Marehemu Ildefonsi Saburi alizaliwa Likunja, Ruangwa, tarehe 4 Agosti 1924, mtoto pekee wa Mzee Saburi na Mama Dionisia. Kwao hakikusemwa ila Kimwera. Alianza shule ya misheni mwaka 1933, akatoka na Kiswahili fasaha na Kiingereza cha kutosha.

Mwaka 1948 aliajiriwa mkalimani kwenye mashamba ya karanga, Nachingwea. Aliwaelezea wenzake, mpaka chai ikapoa, kwamba Kimwera, Kiyao na Kiswahili ni ndugu: ukitaja mtu au mti, maneno yanayofuata nayo hubadilika mwanzoni. Kiingereza hakina habari hiyo. Kiarabu kina sauti za kooni zinazotushinda, na huandikwa kuanzia kulia. Undugu wa lugha aliujua sana, lakini wa kwake aliuficha. Kwa kuogopa kuitwa mshamba, alijitangaza kuwa mtu wa Lindi mjini.

Mwaka 1949 Mama Dionisia alimfuata kazini na kuku na kikapu cha mihogo, akamsalimu kwa Kimwera mbele za watu.

"Ildefonsi, kwani mnajuana na bibi huyu?" karani aliuliza.

"Hapana. Namtafsiria tu."

Kiswahili cha sokoni mama alikijua. Alitua kikapu, akarudi Likunja bila kuaga. Marehemu alimsimulia mkewe habari hii akiwa ameinamisha uso, akasema atakapozikwa isifichwe. Aibu ilimla. Kila mwaka aliahidi kwenda kumwomba mama radhi, na kila mwaka miguu ilikuwa mizito.

Mwaka 1950 alifunga ndoa na Teodosia, Mmakua wa Masasi. Nyumbani kilikuwa Kiswahili kitupu. Watoto hakuwafundisha Kimwera hata salamu.

Tarehe 9 Machi 1958 malaria ilimpanda kichwani. Kiswahili chote kilimtoka. Alizungumza Kimwera usiku na mchana, akilia, amemshika mkewe mkono kama anayengoja jibu. Teodosia hakuelewa hata neno, na majirani katika nyumba za wafanyakazi walikuwa watu wa mbali wasiojua Kimwera. Alifariki tarehe 11, alfajiri. Mama Dionisia, aliyepelekewa habari za ugonjwa, alifika adhuhuri.

"Mwanangu kasema nini?" aliuliza.

Teodosia alimwambia tu kwamba kilikuwa Kimwera.

Ameacha mjane, watoto wawili, Lusiana na Benedikto, na mama yake mzazi, aliyeketi hapa mbele yetu. Mungu ampokee, ampe pumziko la amani.