Ilpo Rantakari na Jina Aliloondoka Nalo

Marehemu Ilpo Rantakari alizaliwa tarehe 9 Machi 1961 mjini Loimaa, mtoto wa kwanza wa Eino na Kerttu. Mimi Raija, mdogo wake, ndimi ninayesoma wasifu huu. Naomba mnivumilie, maana wiki tatu zilizopita tulikuwa sauna tukioga mvuke na alikuwa akinicheka.

Alisoma Loimaa, kisha Chuo Kikuu cha Turku, alikohitimu mwaka 1986. Kuanzia 1988 alifanya kazi katika makumbusho ya wadudu huko Helsinki, akichunguza kunguni wa mimea, vidudu wadogo kuliko punje ya mchele wanaofyonza utomvu wa majani. Aina kumi na nane zisizojulikana alizieleza na kuzipa majina yeye.

Mwaka 1990 alimwoa Tuulikki. Kunguni mmoja alimpa jina la mama mkwe, Bi Hilkka, naye akajigamba mtaa mzima. Miaka kumi na tano baadaye Ilpo akamkuta kunguni huyo amepandana na mwingine ambaye yeye Ilpo alikwisha kumpa jina mapema zaidi. Kumbe dume na jike, aina moja! Kwa kanuni jina la kwanza hubaki, la pili hufutwa. Ilpo akachapisha kosa lake mwenyewe.

"Umenifuta?" Bi Hilkka aliuliza.

"Si mimi, mama. Wameoana wenyewe."

"Basi waje wao kunywa kahawa. Wewe mlango ule pale."

Hapa desturi inanitaka nieleze ugonjwa. Hakuugua. Alhamisi, tarehe 12 Juni 2025, saa nne asubuhi, alimpigia Tuulikki simu kutoka msitu wa Nuuksio: "Yule mdudu wangu wa miaka sita, nimempatia jina! Nitakwambia tukila. Bandika viazi." Saa sita wapita njia walimkuta chini ya mti, wavu mkononi, moyo umesimama. Viazi vilikuwa bado vya moto. Sielewi. Mpaka sasa sielewi.

Maelezo ya mdudu huyo yamekamilika, ila nafasi ya jina iko tupu. Bila jina, kazi ya miaka sita haihesabiki. Tumepekua daftari, simu, mifuko ya koti, hakuna. Mwenzake kazini, Ahti Vuorela, atayachapisha maelezo hayo na kumwita mdudu kwa jina la Ilpo. Juzi Tuulikki alikataa katakata: "Silo alilotaka kuniambia." Jana akasema, "Haya, liende. Lakini mseme ukweli kaburini." Ukweli ni huu: katika fani yao mtu hampi mdudu jina lake mwenyewe. Kwa hiyo kuhusu jina alilochagua Ilpo tunajua jambo moja tu, kwamba si hilo.

Ameacha mke, Tuulikki, binti, Annukka, mama mkwe, Bi Hilkka, na mimi.

Pumzika salama, kaka. Ungetuambia palepale kwenye simu.