Gauni la Mama Mkwe

Fundi alikuwa ameanika mita nne za pamba ya bluu mbele ya kibanda chake, zikidondosha maji karibu kabisa na benchi la kahawa. Mkasi ulimsubiri mezani, ila safari hii hakuwa na haraka. Mwaka jana alimshonea mama mkwe gauni bila kuloweka kitambaa kwanza. Likafuliwa mara moja tu, likapanda kutoka vifundoni hadi magotini. Tangu siku hiyo mama mkwe hakumwita tena "mwanangu". Alimwita "wewe fundi", na jambo hilo lilimuuma kweli.

— Kitambaa kipya unakifulia nini? — aliuliza Soli, mshona viatu. — Huko si kujitafutia kazi?

— Bora kinywee kambani kuliko mwilini mwa mtu — alisema Fundi.

Kamusi, karani mstaafu asiyekosa jibu, alikohoa kidogo.

— Kitambaa hakinywei, kinachoka. Kimesafiri mbali kikiwa kimekunjwa. Ndiyo maana wahenga wakasema, samaki mkunje angali mbichi.

— Samaki kaingiaje hapa?

— Kwani samaki halowi?

Soli alifikiri, akapuliza kahawa yake.

— Mimi naona ni pamba yenyewe. Shambani ilizoea mvua. Ikiguswa na maji inadhani imerudi kwao, inajikunyata.

— Umekaribia, ila hujafika — alisema Kamusi. — Pamba haiachi kujikunyata, kila ukifua inapungua. Hiyo leso mfukoni mwako, ndugu yangu, ilianza ikiwa shuka.

Soli akaitoa leso, akaitazama kwa heshima. Fundi akacheka mpaka kahawa ikampalia. Kitambaa kinakauka, kahawa bado ipo. Angetaka nini zaidi?

Hapo mama mkwe akakata kona, anakuja kupimwa. Amevaa gauni lilelile la mwaka jana, na chini yake sketi ndefu ya kusitiri magoti. Wakamwamkia, wakampisha benchini, wakammiminia kahawa. Akanyoosha mkono, akakipapasa kitambaa.

— Wewe fundi, umekiloweka?

— Tangu jana, mama.

— Maji ya moto?

— Ya moto, mama.

Akaitikia kwa kichwa. Halafu macho yake yakaingia kibandani, yakatua mezani, kwenye bitana nyeupe ya pamba, ya kushonewa ndani ya gauni, iliyokuwa bado na karatasi ya dukani.

— Na bitana?

Soli alimtazama Kamusi. Kamusi alitazama ndani ya kikombe, kana kwamba jibu limezama humo. Fundi aliliona akilini gauni jipya likivutwa juu na bitana yake yenyewe, sentimita kwa sentimita, hadi magotini tena. Masikio yakamwaka moto.

Mama mkwe alimaliza kahawa yake taratibu, akaweka kikombe chini, akakunja mikono ya gauni.

— Lete beseni, mwanangu.