Mama Mutheu na Magoti Yake

Bwana asifiwe, kanisa! Nyinyi wa karibu na mlango, sijawasikia. Bwana asifiwe tena! Amina. Mnaona nimeshika maikrofoni na miguu haitetemeki? Ndugu zangu, huo peke yake ni ushuhuda!

Mimi ni Mwikali. Nilizaliwa Soweto West, kule Kibera, na sasa naishi hapa Gatina. Nilisomea kufunza watu mazoezi ya mwili. Nikapata cheti, mama yangu akakitundika juu ya televisheni, na kila mgeni lazima aonyeshwe. Nikaenda kujaribiwa kazi ya kufunza kwa jimu moja, ukumbi wa mazoezi, huko Riruta. Ndugu zangu, nikasimama mbele ya wale watu, viatu safi, wananiangalia kwa kile kioo cha ukutani. Nikafungua mdomo, wapi! Sauti imeisha. Meneja hakuwa mtu mbaya. Alinipeleka kando akaniambia polepole, "Dada, rudi ukipata uzoefu." Nikajiuliza njia nzima, huo uzoefu unauzwa duka gani? Kila mtu anautaka na hakuna anayekupa.

Nililia. Nikafunga na kuomba, huku nikiendelea na kibarua changu cha kufulia watu nguo. Nikamwambia Mungu, kama ni kufua, basi nitafua, lakini uniondolee hii hamu moyoni. Hakuiondoa.

Sasa, Mama Mutheu mnamjua, shemasi wetu. Tumepanga vyumba kwa ploti moja. Mnakumbuka sisi wote tukipiga magoti yeye alikuwa anabaki kwa kiti? Wengine hapa walisema ameingiwa na kiburi. Siku moja alinikuta nikianika nguo, akaniambia, "Mwikali, magoti yamekataa. Kliniki wamesema nifanye mazoezi. Na mimi nataka kumwomba Mungu wangu nikiwa chini, vile nilifunzwa nikiwa mtoto kule Machakos. Si wewe ulisomea hayo mambo?" Nikasema ndiyo.

Na siku hiyo hiyo nikaharibu! Nilimwambia atafute suruali ya mazoezi, ile ya kubana. Shemasi! Kutoka hapo akawa ananikwepa. Akiniona bombani, anageuka na mtungi mtupu. Mpaka nikaenda kumbishia mlango, akafungua akisema, "Mwanangu, mimi nitazikwa na sketi yangu." Tulicheka mpaka nikaketi chini. Nikamwambia, "Basi Mama, tuanze na hiyo hiyo sketi."

Tukaleta kiti cha plastiki hapo nje ya mlango. Kazi ilikuwa kuketi na kuinuka, basi. Lakini hata kuhesabu kulinishinda! "Moja... mbili..." nanong'ona tu, kama naungama dhambi. Mama akasimama, akanikazia macho. "We Mwikali! Jumapili ukianzisha pambio, hata walevi wa ng'ambo ya barabara wanaitikia. Kwani hiyo sauti huwa unaiacha kanisani?"

Haleluya! Ndugu zangu, hapo ndipo nilipofunguliwa. Nikaanzisha pambio, la polepole. Nikiimba, Mama anaketi. Akiitikia, anainuka. Na sauti yangu ikarudi yote! Nikajisikia nikisema, "Mgongo sawa, Mama! Pumua! Usikimbie!" Nikashangaa, nani huyo anaongea? Ni mimi! Nilikuwa nangoja kuwa kama wale wa kwenye kioo, kumbe Mungu alinipa sauti tangu nikiwa shule ya Jumapili.

Sisemi ilikuwa rahisi. Kuna siku goti lilifura, nikajua nimemuumiza mama wa watu, nikatamani kurudi kwa beseni yangu nijifiche. Lakini nikakumbuka nilichofunzwa. Nikasimamisha mazoezi, nikamsindikiza kliniki, na waliporuhusu tukaanza tena, taratibu. Hofu bado ilikuwepo, nikafanya kazi nayo hivyo hivyo. Majirani wakisikia pambio wakaanza kuchungulia, mwishowe wakaja na viti vyao. Kule jimu sijarudi bado. Nitarudi, na safari hii watanisikia.

Na leo asubuhi, wakati wa maombi, nani alimwona Mama Mutheu? Alishuka! Goti moja, halafu lingine. Mimi nilikuwa nyuma yake, machozi yananitoka. Kuinuka kulipofika, nikamnyooshea mkono. Akausukuma. Akaniambia, "Toa huo mkono. Imba." Nikaimba, na akainuka mwenyewe!

Asante Yesu! Asante, Mama yangu. Ndugu zangu, wewe uliyeambiwa urudi ukiwa na uzoefu, usife moyo. Mwamini Bwana, na yule wa kwanza kukubishia hodi, mkubalie, hata kama unatetemeka. Na kama ni magoti yamekukataa, kesho jioni njoo kwetu na kiti chako. Sketi inaruhusiwa!

Sasa kanisa, tushuke tumshukuru Mungu. Mama Mutheu atatangulia. Pambio naanzisha mimi.