Sauti Niliyoisikiliza Nyuma ya Ua

Kaeni karibu, wanangu, wewe Haroub upande huu na wewe Saada upande wa pili, mniinue kidogo nipate pumzi, maana daktari kasema lake na Mungu atasema la mwisho, nami nataka kusema langu kabla ulimi haujawa mzito. Nisikilizeni, wala msinikatize.

Mali yangu mnaijua. Nyumba hii ya Ole na konde ya mihogo gaweni kama sharia ilivyopanga, msizozane. Ila mikarafuu kumi na miwili ya kule bondeni nimeusia iwe ya ndugu yangu Ngwali, aliyeko Gando. Haizidi thuluthi, nimeshamuuliza shehe. Najua mnashangaa. Ngwali na mimi hatujapeana salamu miaka thelathini na moja, na nyinyi mmekua mkiambiwa kuwa ami yenu ni mtu mbaya. Si mbaya. Mbaya ni mimi, na leo nakwambieni kwa nini.

Mamaenu Mwatima, Mungu amrehemu, nilimuoa kwa sauti yake. Wazee walikuwa wamenitafutia mwengine, lakini msimu mmoja wa karafuu nilipita uwanjani kwao, wanawake wamekaa jamvini wanachambua karafuu kwenye makonyo yake, na yeye anaimba. Sauti nzito, ina mkwaruzo kidogo, kama ya mtu aliyetoka kulia akacheka. Miguu yangu ilikataa kuondoka. Kipendacho moyo ni dawa, na kwa miaka sita niliipata dawa ile kila nikirudi konde hoi, nikimsikia tu uchovu ukanishuka.

Basi akaja Wete fundi mmoja wa muziki, Ustadh Jabir, aliyesomea nchi za mbali na kutajwa kwa heshima na kila mtu, akitafuta sauti za wanawake kwa kikundi chake. Mimi ndiye niliyempeleka mamaenu. Yeye hakutaka. "Mimi naimbia karafuu, Abrahman, siimbii watu," aliniambia. Nikamshikilia mpaka akakubali. Ukumbi umejaa, kaimba ubeti mmoja, fundi akainua mkono. "Basi, bibi, basi. Sauti hii haina mafunzo wala utamu. Inafaa kufukuzia kunguru."

Watu wakacheka. Na mimi, wanangu, nikacheka. Nilikuwa nimesimama karibu na wakubwa, nikaona haya kuonekana mshamba, nikacheka, na mamaenu akaniona. Ngwali peke yake alisema kwa sauti, "Shemeji, mimi nimeipenda." Nikamgeukia mbele za watu: "Wewe mchokoa pweza utajua nini?" Akatoka, na mlango wangu hajaukanyaga mpaka leo.

Tangu siku ile mamaenu hakuimba tena nikiwa nyumbani. Hakununa. Alinipikia, alinizalia, aliniuguza. Sauti tu ndiyo aliyonifungia. Nami nikajiambia, fundi kasema, mimi nani nimpinge? Hata nikaanza kuamini kuwa raha ile ya miaka sita ilikuwa ujinga wangu, kwamba masikio yangu yalinidanganya.

Mpaka siku moja jembe likanivunjikia mpini, nikarudi mapema, na nyuma ya ua wa makuti nikamsikia. Anakusuka nywele wewe Saada, huku anakuimbia. Nilisimama machozi yananitoka. Nikakohoa ili niingie, sauti ikakatika. Toka hapo nikawa mwizi katika nyumba yangu mwenyewe. Nikiaga kuwa nakwenda Kiuyu kuwatazama jamaa, sikuwa nikienda. Nilizunguka migombani, nikakaa nyuma ya ua, nikasikiliza. Nanyi mlijua kuwa anaimba, mkanificha, kwa kuwa yeye ndiye aliyewataka mnifiche. Sikulaumuni. Neno la kusema lilikuwa moja tu, nisamehe, naipenda, na kila nikifika mlangoni nalimeza, nasema kesho. Miaka, wanangu. Miaka mingi.

Yule fundi nilikuja kukutana naye Mkoani, bandarini, kazeeka. Nikamuuliza kama anamkumbuka mwanamke wa Ole ambaye yeye alimwambia sauti yake inafaa kufukuzia kunguru. Akanitazama hanielewi. "Mzee wangu, siku ile nilisikiliza wanawake arobaini, na nilikuwa na homa. Nilitaka kwenda kulala." Akapanda meli, akaenda zake.

Mwaka jana, mamaenu alipokuwa kitandani, nilipiga magoti nikamwambia yote, hata la nyuma ya ua. Nikamwomba ubeti mmoja. "Ulicheka, Abrahman," akasema, akageukia ukutani. Siku ya pili akafa. Kama alinisamehe, hakuniambia. Maji yakimwagika hayazoleki, nami nakwenda nalo hivyo hivyo.

Haroub, wewe hasa. Juzi nilikusikia ukimwambia mkeo Asya kuwa mchuzi wake haufuati wanavyofundisha wapishi wa kwenye simu, na huku unaramba bakuli. Mwanangu, unaramba bakuli! Tabibu muulize maradhi, nahodha muulize mkondo, lakini kilichokufurahisha wewe utamuuliza nani kama kimekufurahisha? Niliona uso wa Asya. Naujua uso ule. Kamwombe radhi leo, usiseme kesho.

Saada, nipe maji. Kidogo... basi, yanatosha.

Nendeni Gando mkamwambie Ngwali kuwa nimekiri. Akitaka, yeye ndiye aniingize kaburini. Asipotaka, msimlaumu, na mikarafuu mpeni. Mimi nilazeni karibu na mamaenu... si karibu sana. Muachieni nafasi yake.

Radhi zangu mnazo, nyote wawili, na Asya. Mungu akupeni riziki ya halali na ndimi za kusema jema mapema. Akuepusheni na... na haya niliyonayo.

La mwisho. Msiniletee msomaji wa Kurani kutoka mjini. Haroub, wanasema sauti yako haipandi, imepasuka. Herufi zako sahihi, shehe kaniambia. Na hiyo sauti mimi naipenda. Toka ulipokuwa chuoni kwa shehe, mtoto, naipenda, na sijapata kukwambia.

Shika msahafu. Yasini. Sogea... zaidi. Anza, mwanangu, nikiwa bado nasikia.