Kumuaga Daktari Munyiva, Aliyepima Shimo Jeusi Mara Mbili

Mheshimiwa Naibu Mkuu wa Chuo, Mkuu wa Kitivo cha Sayansi, Profesa Kibe, wahadhiri wenzangu, wanafunzi mlioacha maabara mchana huu, jamaa na majirani wa Daktari Munyiva mliotoka Woodley, ndugu wageni waalikwa, hamjambo?

Mimi ni Ivyne Naliaka, mhadhiri wa fizikia ya anga katika idara hii. Nimeombwa nimuage Daktari Munyiva Muasya, anayestaafu leo baada ya miaka thelathini na mmoja ya kufundisha. Sitasoma orodha ya makala zake, maana mnayo kwenye ratiba mliyopewa mlangoni. Nitawasimulia juma moja tu la mwaka wa 2017, na namwomba Daktari radhi mapema, kwa sababu hakunituma.

Kwanza, kwa wageni wasiofanya kazi yetu. Katikati ya karibu kila galaksi kubwa kuna shimo jeusi, mahali ambapo maada imebanwa mno hata nuru haiwezi kutoka. Je, kitu kisichoonekana hupimwaje uzito? Tunatazama gesi inayokizunguka: kadiri inavyokwenda kasi, ndivyo kilicho katikati kilivyo kizito. Miaka mitatu kabla ya juma hilo, Daktari Munyiva alikuwa amelipima shimo la galaksi moja ya mbali kwa data ya darubini za redio, akapata uzito wa majua milioni arobaini. Kipimo kile kilimpa jina. Wenzetu wa ng'ambo walikinukuu, magazeti yakamhoji, na faili lake la kupandishwa cheo kuwa profesa likapita hatua mbili, ikabaki moja.

Mimi nilikuwa mwanafunzi wake wa uzamili, nimepanga chumba Mutuini. Alinipa data mpya ya galaksi ileile nijifunzie. Nikapiga hesabu, nikapata majua milioni kumi na moja. Nikarudia. Kumi na moja.

Kosa lilikuwa wapi? Chukueni sinia. Ukilitazama kutoka juu ni duara. Ukilitazama kutoka ubavuni ni mstari. Gesi ile huzunguka ikiwa bapa kama sinia, na kasi tunayoipima hutegemea imeinamia upande gani. Daktari alikuwa amechukulia kwamba gesi ya katikati imelala sawa na galaksi nzima. Data mpya ilionyesha imesimama karibu wima, kwa hiyo kasi yake halisi ilikuwa ndogo kuliko alivyokadiria, na shimo likawa jepesi zaidi.

Nilizunguka na karatasi ya hesabu ile kwenye begi siku kumi na tisa. Rafiki yangu Bramwel, tuliyesoma naye darasa moja, aliniambia, "Nyamaza tu, Ivyne. Maliza digrii kwanza. Huyo ndiye atasahihisha tasnifu yako." Ni nani kati yenu, angekuwa mahali pangu, asingemsikiliza Bramwel?

Jumamosi moja, baada ya chakula cha mchana, nikaenda kwake Woodley. Nilimkuta sebuleni akimenya minji. Nikamfungulia kompyuta mezani, nikaiweka ile karatasi kando yake. Akafuta mikono, akasoma.

"Hii pembe umeitoa wapi?"

"Kwa gesi ya ndani, Daktari."

"Na mimi niliitoa wapi?"

"Kwa galaksi nzima."

Akairudia ile hesabu tangu juu. Kisha akauliza, "Hii kitu umeonyesha nani?"

"Bramwel peke yake."

"Sawa. Usionyeshe mwingine mpaka Jumatano."

Sitawaficha: niliondoka nikiamini anataka kulizika jambo lile. Jumatatu niliandika barua ya kuacha masomo, na haikufika popote kwa sababu tu karani alikuwa likizoni.

Jumatano akaita mkutano wa idara yote. Alisimama ubaoni, akaandika arobaini, na chini yake kumi na moja. Akasema, "Ya kwanza ni yangu, na ina kosa. Ya pili ni ya Ivyne. Nimeirudia mara tatu, iko sawa." Mwenzetu mmoja akamwuliza kwa upole, "Daktari, kwani lazima iwe leo? Kamati ya vyeo inakaa mwezi ujao." Akajibu, "Kamati itasoma kazi yangu. Isome iliyo ya kweli." Siku ileile aliliandikia jarida masahihisho, jina langu likitangulia lake.

Kamati ililirudisha faili. Baadaye aliomba tena mara moja tu, hakufaulu, na leo anastaafu akiwa mhadhiri mwandamizi. Miaka mingi baadaye nilimwuliza kama ilimuuma. "Iliniuma sana," akasema. "Nililia jikoni. Lakini ningesimama mbele yenu darasani na uso gani?"

Vikundi viwili vya watafiti vimelipima shimo lile upya kwa njia nyingine, vikapata kumi na moja, kasoro kidogo. Tasnifu yangu aliisahihisha yeye, na aliirudisha mara nne. Na tangu Jumatano ile, hakuna kipimo kinachotoka katika idara hii kabla mwanafunzi hajapewa nafasi ya kukitafutia kosa. Sheria hiyo haijaandikwa popote. Tunaifuata.

Jambo la mwisho. Baadhi yenu mmeuliza mbona bango lililo nyuma yangu lilichelewa kutundikwa. Wanafunzi, kwa mapenzi yao, walikuwa wameandika "Profesa Munyiva." Aliliona jana mchana, akaenda nao mwenyewe kwa mchapaji kule Hurlingham, akakaa pale mpaka likachapwa jingine.

Basi, Daktari Munyiva, nakuita vile ulivyotaka bango lisomeke. Asante kwa kunifundisha kupima, na asante kwa ile Jumatano. Nanyi nyote mlionitegea sikio mchana huu, asanteni sana.