Magoti ya Mama Mkwe

Ndani ya basi nilikaa nyuma ya mama aliyepakata choo kipya cha kukaa. Jirani yake alikuwa fundi bomba, mfuko wa spana miguuni.

"Ni cha mama mkwe, magoti yake yamechoka," mama alimwambia.

"Mbona kifupi?"

"Jamani, fundi! Nimezunguka maduka sita. Ni nafuu, vipuri vyake vipo kila mahali, na kimo ni kilekile cha choo kilichopasuka. Nimepima kwa kamba!"

"Kilichopasuka kiliwekwa lini?"

"Nilipoolewa. Miaka ishirini sasa."

"Na magoti ni yaleyale?"

Mama aliguna. Mimi nilishika ya kwangu.

"Mkweo huinuka kwenye kiti gani bila kushikwa?" fundi akauliza.

"Cha jikoni. Chooni namwinua mimi, naye hufumba macho kwa aibu, kana kwamba asiponiona, nami simwoni."

"Basi ungepima kiti cha jikoni, dada."

"Asubuhi ulikuwa wapi, mjuaji? Dukani hawarudishi!"

"Kinainuliwa kwa zege."

"Leo choo, kesho zege, keshokutwa utaniambia nibomoe nyumba!"

Walizozana hivyo njia nzima. Lakini kila basi lilipoyumba, niliuona mkono wa fundi ukikishikilia kile choo kisigonge chuma cha kiti cha mbele.

Basi liliposimama walishuka nacho, kila mmoja amekishika upande wake. "Hicho kiti cha jikoni kinakufika wapi?" fundi aliuliza. Mama, mikono imejaa, akanyanyua goti kwa hasira kumwonyesha kinapofika.